Mchoro Wako Ni wa Saa Ngapi? Kunyoosha toni na rangi katika mandhari ya mkono mwepesi

Nilikuwa nimekaa Dunga, ufuko wa wavuvi wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, karibu na pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, namalizia mchoro wa ziwa kwenye hadibodi ya sentimita 40 kwa 50. Nilikuwa nimeridhika nao. Brashi ilikuwa imetembea kwa uhuru, mafunjo yamepigwa kwa mikato mipana, mitumbwi miwili imejitokeza kwa miguso mitano sita tu. Mzee mmoja mvuvi, ambaye nimemwandikia majina ya mitumbwi yake tangu nikiwa msichana, akaja akasimama nyuma yangu. Akatazama, akanyamaza, kisha akauliza, akiniita nyara, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo:

"Nyara, hapa ni saa ngapi?"

"Ni asubuhi, baba."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Niliutazama mchoro upya nikaona alichokiona. Maji yalikuwa ya saa mbili, kivuli cha mtumbwi kilikuwa cha saa tano, na anga halikuwa la saa yoyote. Lilikuwa bluu basi. Mvuvi anaishi kwa kusoma mwanga juu ya maji, na mwanga wangu haukusomeka.

Tangu siku hiyo swali lake ndilo kipimo changu, kwa kazi zangu na kwa vijana wanaokuja kwangu Nyalenda kila Jumamosi. Mtu akileta mandhari ya rangi za mafuta akilalamika kwamba imelala, kwamba rangi zimekuwa tope, simwambii aongeze rangi kali. Namuuliza saa. Mchoro usioweza kusema saa unaumwa toni, na toni hutibiwa kabla ya rangi.

Toni ni kiasi cha mwanga au giza kilichomo ndani ya rangi, bila kujali kama ni nyekundu, kijani au samawati. Chukua leso nyekundu yenye maua ya kijani, uipige picha kwa simu halafu uiondolee rangi. Mara nyingi maua yanapotea kabisa kwenye kitambaa. Rangi zilikuwa mbili, toni ilikuwa moja. Hivyo ndivyo mandhari nyingi zinavyokufa: juujuu kuna bluu, kijani na zambarau, chini yake kila kitu kina uzito uleule.

Sisi tunaopenda mkono mwepesi tunaumia zaidi kwa kosa hili. Anayechora kila jani na kila kamba ana pa kujishikilia, maana mtazamaji atautambua mtumbwi kwa misumari yake. Wewe uliyepiga mtumbwi kwa miguso mitano huna misumari ya kuonyesha. Mguso wako unasomeka kuwa ubavu wa mtumbwi ulio kivulini kwa sababu moja tu, giza lake ni sahihi kulingana na maji yaliyo nyuma yake. Likikosea kidogo, ule si ubavu tena. Ni doa.

Basi tuanze. Rudi mahali ulipochorea, saa ileile. Picha ya simu itakukumbusha maumbo, lakini usiiamini kwenye vivuli. Simu hupenda kuvigeuza vyeusi tii, na anga hulichoma likabaki jeupe kama karatasi. Keti, kisha kunja macho mpaka kope zikaribie kugusana. Majani yanapotea, mawimbi yanapotea, yanabaki mabaka manne au matano makubwa. Mabaka hayo ndiyo mchoro wako.

Macho peke yake hudanganyika, ndiyo maana kila kijana wangu hutengeneza kadi kabla hajagusa turubai. Tumia mgongo wa daftari au ubavu wa boksi. Changanya altramarini, ile bluu nzito, na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, mpaka upate giza linalokaribia weusi. Paka mraba mmoja, uite 1. Nyeupe ya titani tupu ni 5. Sasa tafuta 3, ile ya katikati kabisa, na hapa usikimbie. Nyeupe ya titani ina nguvu sana, tone moja la ziada linakurusha hatua nzima. Ongeza kwa ncha ya kisu, changanya, paka pembeni, rudi nyuma hatua mbili utazame. Ukishaipata 3, 2 na 4 huja zenyewe. Toboa tundu katikati ya kila mraba kwa msumari. Zikikauka, funga jicho moja, nyosha mkono, na uyatazame mafunjo kupitia tundu la 2, halafu la 3. Tundu ambalo mafunjo yanakaribia kuyeyuka ndani ya mraba wake ndilo namba yao.

Asubuhi niliyorudi Dunga na kadi yangu, saa mbili na nusu, namba zilikuwa hivi: anga la karibu na upeo wa macho 5, anga la juu 4, maji 4, vilima vya Nyakach ng'ambo ya maji 3, mafunjo 2, na upande wa mtumbwi uliokuwa kivulini 1. Kisha nikaupiga mchoro wangu picha na kuiondoa rangi. Ulikuwa kama uji. Anga 3, maji 3, vilima 3, mafunjo 3 na kidogo. Zile saa tatu nilizokaa pale mara ya kwanza zilikuwa zimesaga kila kitu kuwa kitu kimoja.

Na hizo saa tatu ndizo zilikuwa kosa la kwanza. Ikweta inapita Maseno, si mbali na hapa. Kwetu jua halizunguki upande upande, linapanda moja kwa moja kama mtu anayepanda mnazi, na linafika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba. Kivuli kilicholala kirefu saa mbili kimeshajikunyata chini ya mtumbwi kufikia saa tano. Ukichora nje huku kwetu, jipe saa moja na nusu, kisha funga. Vivuli viweke vyote ndani ya dakika 20 za mwanzo na usivifuate tena hata vikikuita.

Kuna mpangilio unaosaidia karibu kila mahali. Anga ndilo linalotoa mwanga, kwa hiyo ndilo jepesi, yaani lenye mwanga, kuliko vyote. Ardhi tambarare imelala ikilitazama anga, inafuata. Miteremko ya vilima inapokea kwa pembeni, ina giza zaidi. Vitu vilivyosimama wima, yaani miti, kuta na mafunjo, vinapokea kidogo kabisa, navyo ndivyo vizito. Angalia magugumaji. Karibu kila mwanafunzi huyapaka kijani kilekile cha mafunjo kwa sababu yote ni majani ya ziwani. Lakini magugumaji yamelala juu ya maji kama mkeka na mafunjo yamesimama. Kwenye kadi yangu mkeka ule ulikuwa 3, mafunjo 2. Nilipozitenganisha namba hizo tu, bila kubadilisha rangi, ufuko ulipata nafasi ya mtu kutembea ndani yake.

Mpangilio huu una siku zake za kuvunjika, na siku hizo nazipenda kuliko zote. Nenda Ahero wakati wa mvua, saa kumi alasiri. Mchana kutwa upepo wa ziwani umesukuma unyevu kuelekea milima ya Nandi na Kericho, mawingu yamejikusanya mashariki, mazito, rangi ya chuma kibichi. Jua nalo liko magharibi nyuma yako, linapita chini ya mawingu na kuipiga mipunga ya uwanda wa Kano. Ghafla ardhi ni 4 na anga ni 2! Mabati ya nyumba moja ya mbali yanawaka 5. Anayechora kwa mazoea atalipaka anga jepesi kwa kuwa anga huwa jepesi, na atakuwa ameitupa zawadi yote. Kwa hiyo mpangilio ni wa kukuanzisha. Kadi ndiyo inayosema ukweli wa siku ile.

Sasa kwenye kibao cha kuchanganyia. Mimi nina rangi sita: nyeupe ya titani, manjano nyepesi ya kadimiamu, oka (manjano ya udongo), siena iliyochomwa, nyekundu ya alizarini na altramarini. Nyeusi ya tyubu sinunui, ile ya altramarini na siena inatosha, na naweza kuisukuma kuelekea baridi au joto nitakavyo. Kabla ya kugusa mchoro natengeneza marundo kwa kisu, si kwa brashi: rundo la anga, la maji, la vilima, la mafunjo, la kivuli. Kila rundo nalilinganisha na kadi. Hii inachukua nusu saa na wengi huiona ni kupoteza muda, lakini mkono mwepesi unatokana na rundo lililo tayari. Mtu anayechanganya rangi huku anapaka hulazimika kurekebisha juu ya ubao, na kurekebisha juu ya ubao ndiko kunakozaa tope.

Kijani kinahitaji maneno zaidi, maana huku magharibi kijani ndicho kinachotushinda. Kijani cha tyubu kikitumiwa kama kilivyo kinapiga kelele kama redio ya matatu. Changanya chako. Altramarini na oka hutoa kijani kitulivu, karibu na kijivu, kizuri kwa miti ya mbali kidogo. Altramarini na manjano ya kadimiamu hutoa kijani chenye nguvu, cha mpunga mchanga. Lile giza la altramarini na siena ukilipa manjano kidogo hupata zeituni nzito, na hiyo ndiyo ilikuwa mwili wa mafunjo yangu. Kijani kikizidi ukali, kitulize kwa chembe ya alizarini, kwa sababu nyekundu na kijani hushikana mikono na kupozana.

Lakini jambo ambalo ningependa lishikwe ni hili la kung'arisha kijani. Jua likigonga vichwa vya mafunjo, vile vinavyofanana na nywele zilizochambuliwa, mkono hukimbilia nyeupe. Nyeupe hupandisha toni, ndiyo, ila pia hupoza rangi na kuifanya iwe kama chaki. Nilikuwa na vichwa vya chaki katika mchoro wangu wote. Nikavikwangua. Nikachanganya oka na manjano ya kadimiamu, altramarini kiasi cha kichwa cha kiberiti, na nyeupe nikaitia mwisho kabisa, kidogo mno. Toni ilikuwa ileile ya chaki, 3 na nusu, nilihakikisha kwa kadi. Ila sasa kilikuwa kijani kilichopigwa na jua. Kwa hiyo kitu kilicho karibu na chenye jua kipandishe kwa manjano. Nyeupe iachie vitu vya mbali, ambavyo vinastahili kupoa.

Kwa nini vya mbali vinapoa? Hewa iliyoko kati yako na kilima hutawanya mwanga, na bluu ndiyo hutawanyika zaidi. Kadiri kilima kinavyokuwa mbali, giza lake linajazwa bluu na kupauka. Siku isiyo na ukungu, ukiwa Dunga unaviona vilima vya Nyakach bado vina kijani kidogo ndani yake, na Mlima Homa ulio mbali zaidi upande wa kusini magharibi umebaki pumzi ya samawati. Weupe wa mbali hufanya kinyume, hupoteza bluu na kuelekea manjano au waridi. Tazama mawingu ya chini karibu na upeo wa macho, halafu yale yaliyo juu ya kichwa chako. Nilikuwa nimeyapaka yote kwa nyeupe moja. Chembe ya oka ndani ya yale ya chini ililisukuma anga nyuma kilomita nyingi.

Kuna na jirani wa rangi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia kazi ya kupaka nyuzi rangi katika karakana ya Gobelins huko Paris, ambako watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu. Akazichunguza, akakuta nyuzi hazina kasoro. Rangi zilizozizunguka ndizo zilizozififisha. Mwaka 1839 alichapisha alichokigundua kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Mimi nililiona hilo kwenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni mwa mtumbwi. Mara tatu niliupaka upya, kila mara kwa chungwa kali zaidi, na bado ulikuwa umelala. Mwishowe niliuacha, nikayapoza maji yaliyo kando yake yakawa kijivu chenye bluu, toni ileile, ukali pungufu. Mstari ukawaka. Kijivu ndicho kinacholipa gharama ya rangi kali, na mandhari ya ukubwa wangu inaweza kubeba rangi kali sehemu moja au mbili, si zaidi.

Mzee alipita tena siku ya pili ya marekebisho. Akasema mwanga sasa upo, lakini, "Mtumbwi wangu haujakaa majini, umening'inia." Alikuwa sahihi. Chini ya ubavu, pale mbao zinapokutana na maji, kuna mstari mwembamba wenye giza kuliko kitu chochote kingine kwenye mandhari yote. Niliupiga mara moja, 1 tupu, kwa ukingo wa brashi bapa, nikaupoteza katikati ili usiwe kama waya. Kisha taswira ya mtumbwi ndani ya maji: kitu chenye giza huonekana majini kikiwa chepesi kidogo, na kitu chepesi huonekana kikiwa na giza kidogo. Kwenye ghuba yetu kuna la ziada, maji yamebeba udongo, hasa Mto Nyando ukifurika, na kivuli ndani ya maji kama hayo huchukua rangi ya udongo huo. Usikipake kwa bluu iliyosomwa kwenye kadi za posta. Siena na oka kidogo.

Kama mchoro wako umeshakauka, usiurukie. Mafuta hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanakula hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa magumu, na katika safari hiyo sehemu nyingine hufifia, hasa zenye giza, kwa sababu tabaka la chini limenyonya mafuta yake. Giza lako la 1 linaonekana kijivu cha 2. Ukilinganisha rangi mpya na kijivu hicho utakosea toni zote. Chukua mafuta ya kitani yaliyopunguzwa kwa tapentaini, matone machache kwenye kitambaa safi, sugua kwa wepesi, kisha futa mpaka ibaki filamu tu. Giza linarudi palepale. Hapo ndipo unapima. Na rangi mpya iwe na mafuta sawa au zaidi kidogo kuliko ya chini, kamwe isiwe kavu zaidi, la sivyo itapasuka baadaye.

Wakati wa kupaka, chukua brashi kubwa kuliko unavyotamani. Mimi natumia bapa ya sentimita mbili na nusu hata kwenye vilima. Ijaze, iweke, iondoe. Mguso mmoja, wa pili ukilazimika. Wa tatu juu ya palepale penye unyevu huvuta rangi ya chini na kuzichanganya zote, na hiyo ndiyo tope wanayoilalamikia. Mguso ukikosea, usiupapase. Ukwangue kwa kisu, ufute, uangalie kadi, uanze upya. Nilikwangua anga lote la mchoro wangu, karibu theluthi ya ubao, na rundo moja la anga lililochanganywa vizuri lililirudisha kwa dakika 15, mikato yote ikionekana.

Mng'ao wa mwisho nauweka nikiwa nimeshasimama na vifaa vimeanza kufungwa. Katika ule mchoro ulikuwa ni omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye nyavu ufukweni, bapa la fedha ambalo nilikuwa nimelitawanya kwa vidoti 50 vyeupe. Nilivifunika vyote kwa 4 moja ya kijivu yenye joto, nikaacha mguso mmoja wa 5 upande wa jua.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Yale mafuta yakila oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vyangu navitandaza nje kwenye kamba, kimoja kimoja, au navitia ndani ya debe la maji lenye kifuniko. Nawe fanya hivyo leo, kabla hujakaa kuutazama mchoro.